Ubao wa maonyesho unaomchosha mwalimu: dalili, chanzo na namna ya kuurekebisha

Ubao wa maonyesho wa darasa la msingi haufi siku moja. Huanza kona ya karatasi kujikunja, kisha bango la muhula uliopita likabaki pale pale kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kulibandua, na hatimaye mwalimu anapita mbele yake kila asubuhi bila kuuona. Hapo wengi hukimbilia kutafuta mawazo mapya: picha mpya, rangi mpya, urembo mpya. Ubunifu ni mara chache kuwa ndio uliopungua. Kilichopo ni kwamba ubao ulipangwa kwa namna inayodai mikono ya mwalimu kila wiki, na mikono hiyo tayari ina madaftari ya kusahihisha.

Kwa hiyo kila unaposhika pini, uliza kwanza: hiki kitabadilishwa na nani, na lini? Kama jibu ni "mimi, nikipata nafasi", basi kiwe kitu kinachoweza kukaa mwaka mzima bila kuchakaa maana yake, au kisipande ukutani kabisa. Marekebisho mengi hapa chini yanatokana na swali hilo. Tafuta dalili inayofanana na ya darasani kwako. Si lazima usome kwa mpangilio.

Ubao umeganda: kilichopo leo ndicho kilichokuwepo muhula ulipoanza

Hii ndiyo dalili kuu, na ina vyanzo vitatu ambavyo hutokea pamoja.

Cha kwanza ni mada iliyofungwa na tarehe. "Karibuni tena shuleni" inapendeza kwa wiki mbili, baada ya hapo inakuwa salamu ya mtu aliyekwisha kuingia ndani. Mabango ya majira, ya sikukuu na ya wiki maalumu yote yana siku ya kufa, na siku hiyo huwa haiko kwenye ratiba ya mwalimu.

Cha pili ni kila kitu kubadilika kwa pamoja. Kama kubadili mada kunadai kitambaa kipya cha nyuma, ukingo mpya, herufi mpya za kichwa na picha mpya, hiyo ni kazi ya nusu siku. Hakuna mtu mwenye nusu siku, kwa hiyo habadili chochote.

Cha tatu ni ubao kumtegemea mtu mmoja.

Kipimo ni rahisi. Simama mbele ya ubao ujifanye imepita miezi minne. Kipande gani kingekuwa kimepitwa? Kama ni kichwa cha ubao, tatizo ni mada. Kama ni kazi za watoto peke yake, muundo ni mzima na kinachokosekana ni utaratibu wa kuzibadilisha. Kama ni vyote, anza upya.

Kuanza upya maana yake ni kutenganisha kiunzi na kijazo. Kiunzi ni kitambaa, ukingo, kichwa na sehemu za kuwekea kazi. Hivyo hupigwa mara moja kwa mwaka, vikaachwa. Kijazo ni karatasi za watoto, na hicho pekee ndicho kinachobadilika. Kichwa kiwe na maneno yasiyozeeka: "Kazi tunazojivunia", "Tunajiuliza", "Kutoka rasimu hadi nakala safi". Ukiona kichwa chako kina jina la mwezi, kitoe.

Ubao ninaoupendelea kuliko yote ni wa nafasi zenye majina. Kila mtoto ana mahali pake, jina lake limeandikwa chini mara moja, na juu ya jina kuna kibanio cha nguo kilichogundishwa au kufungwa. Akipata kazi anayoiona nzuri, anakuja mwenyewe kuibana. Kanuni moja tu: ya jana haitolewi, mpya inawekwa mbele yake. Muhula unapoisha, kila kibanio kimebeba mfululizo wa kazi za mtoto mmoja, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na mzazi akija kuuliza maendeleo unampa rundo lile afunue mwenyewe. Rundo likiwa nene mpaka kibanio kinateleza, za chini ziende kwenye faili la mtoto.

Kabla ya kugundisha kibanio hata kimoja, piga hesabu, maana hapa ndipo mpango huu huharibika. Chukua ubao wenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.2. Tenga sentimita 20 za juu kwa ajili ya kichwa, acha sentimita 3 kati ya karatasi na karatasi. Karatasi za A4 zilizosimama zitaingia 30 tu: kumi kwa upana, mistari mitatu kwa kimo. Ukiwa na watoto 45, aidha karatasi zitapandana kama vigae vya paa, aidha watoto 15 hawatakuwa na nafasi, na watajua. Lakini kata karatasi hizo katikati ziwe A5, na ubao ule ule unabeba 52: kumi na tatu kwa upana, mistari minne. Kazi nyingi za madarasa ya chini zinaenea vizuri kwenye A5. Mchoro mkubwa unaweza kukunjwa katikati, ukaachwa ufunguliwe na anayetaka kuuona.

Kama huna ubao mpana kiasi hicho, nyosha kamba ukutani na utundike vibanio humo. Kamba hulegea katikati. Dawa yake ni msumari mmoja kila baada ya mita moja hivi, siyo kuikaza zaidi kwenye ncha.

Kuna mawazo mengine yanayoishi mwaka mzima kwa matunzo kidogo, nayataja kwa ufupi kwa sababu hayana mengi:

- Swali la kujiuliza. Swali moja kubwa juu, mfuko wa karatasi chini, vipande vitupu na penseli pembeni. "Kwa nini kivuli cha asubuhi ni kirefu?" Mtoto anaandika jibu anatumbukiza. Siku ya mwisho wa wiki mnafungua mfuko kwa dakika tano. Swali jipya huandikwa na mtoto aliyetoa jibu lililozua ubishi zaidi.
- Gurudumu la zamu. Duara kubwa la kadibodi lenye kazi za darasa, duara dogo juu yake lenye majina ya makundi, pini katikati. Kila wiki linasogezwa hatua moja. Hakuna kubandika wala kubandua.
- Siku za kuzaliwa kwa miezi. Mifuko kumi na miwili, majina ndani kwenye vipande. Mwaka mpya unahamisha vipande tu. Watoto wasiojua tarehe zao wapewe mwezi wanaouchagua, usiwaache nje.

Ukuta wa maneno umevurugika: mifuko mingine imefurika, mingine mitupu

Chanzo ni kuunakili mpangilio wa A hadi Z kutoka mabango ya lugha nyingine. Kwa Kiswahili mfuko wa M utajaa ndani ya wiki mbili, kwa kuwa watu, miti na vitu chungu nzima huanzia hapo. Wa K utaufuata, wa Q na wa X utakaa mtupu mpaka shule ifungwe, na wa C hautapata kitu kisichoanza na "ch".

Kwa darasa linaloanza kusoma, panga kwa silabi: ma, me, mi, mo, mu kila moja na safu yake. Mtoto anayetafuta "meza" anaenda moja kwa moja. Kwa madarasa yanayosoma tayari, panga kwa mada: maneno ya hesabu, maneno ya sayansi, maneno ya kuunganisha sentensi. La mwisho hilo ndilo hutumika zaidi wakati wa insha: "kwa hiyo", "ingawa", "baadaye", "hata hivyo".

Usijaze maneno yote mwanzoni. Ukuta uliojazwa na mwalimu likizoni ni urembo. Neno lipande siku mlipolihangaikia darasani, na aliyelikosea kuandika ndiye alibandike.

Watoto hawautazami

Chuchumaa. Shuka mpaka macho yako yawe sawa na ya mtoto wa miaka sita au saba, yaani kama mita 1.05 hadi 1.1 kutoka sakafuni, kisha uangalie ubao wako. Walimu wengi watagundua wanaona ukingo wa chini na tumbo la bango. Ubao hutundikwa kwa kimo cha aliyeutundika. Kama hauwezi kushushwa, tumia nusu ya chini kwa vitu vya watoto, ya juu iachie ratiba, ramani na vitu vya watu wazima.

Kimo kikiwa sawa, angalia herufi. Kanuni inayotumiwa na watengeneza mabango ni kama sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kichwa kinachotakiwa kusomwa kutoka dawati la mwisho, mita 8 nyuma, kinahitaji herufi za sentimita 7 hivi. Maelezo ya kusomwa kwa kusogea karibu yanaweza kuwa madogo, lakini hapo lazima kuwe na njia ya kusogelea. Ubao uliozibwa na kabati au madawati hausomeki hata ukiwa na herufi za ukubwa gani.

Angalia pia umbo la herufi. Herufi za madoido, zenye mikia na vivuli, zinawashinda wanaojifunza kusoma. Andika kwa umbo lile lile unalowafundisha kuandika. Na rangi: maandishi meusi au bluu iliyokoza juu ya rangi hafifu. Njano juu ya nyeupe haionekani kwa yeyote, na nyekundu juu ya kijani inawapoteza watoto wasiotofautisha rangi hizo mbili, ambao wengi wao ni wavulana.

Mng'ao ni chanzo ambacho hakishukiwi. Bango lililopigwa laminesheni, yaani lililofunikwa kwa plastiki ya kung'aa, likielekeana na dirisha hugeuka kioo. Kutoka safu mbili tatu za madawati kinachoonekana ni mwanga tu. Kaa kwenye madawati tofauti saa tofauti uthibitishe. Lisogeze kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe, au uliache bila laminesheni.

Kama yote hayo yako sawa na bado hawautazami, basi ubao hauna kazi. Ufunike kwa kitambaa siku nzima, usiseme neno. Kama hakuna mtoto aliyeuliza, wala wewe hukulazimika kufunua katikati ya kipindi, ulichofunika hakihitajiki. Kinachowarudisha watoto kwenye ubao ni mwalimu kuutumia: kuelekeza kidole wakati wa somo, kusema "nenda kaangalie hatua ya tatu", kuacha pengo ambalo lazima lijazwe. Bango la jedwali la kuzidisha lenye visanduku vichache vitupu hutazamwa kuliko lililokamilika.

Watoto wanautazama kupita kiasi

Kinyume chake nacho ni tatizo, hasa kwa wadogo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba kimoja, wakati mwingine kuta zikiwa zimepambwa sana na wakati mwingine zikiwa tupu. Kwenye kuta zilizopambwa watoto walitumia asilimia 38.6 ya muda wakiwa nje ya somo. Kwenye kuta tupu, asilimia 28.4. Majibu sahihi ya maswali ya baadaye yalikuwa asilimia 42 dhidi ya 55.

Hilo halimaanishi darasa liwe kama stoo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, uliotolewa mwaka 2015 baada ya kuchunguza madarasa 153 ya msingi, ulikuta kwamba kuta zilizojaa mno na kuta zilizo kavu kabisa zote zinaendana na maendeleo hafifu. Kati na kati ndipo pazuri. Ushauri wake wa vitendo ulikuwa kuacha asilimia 20 hadi 50 ya ukuta wazi. Mwalimu mvivu wa mapambo ana utetezi mzuri hapo.

Cha kurekebisha kwanza ni ukuta wanaoutazama wakati wa somo, ule wenye ubao wa kuandikia. Huko acha kile tu kinachohusu somo linaloendelea, na mstari wa herufi au namba kama darasa bado linavihitaji. Kazi za watoto, siku za kuzaliwa na gurudumu vihamie nyuma au pembeni. Vitu vinavyoning'inia na kucheza kwenye upepo viondoke kabisa. Jicho la mtoto hufuata kinachocheza, na huwezi kushindana nacho.

Ukuta ulio wazi una faida nyingine ya usalama. Karatasi ni kuni. Kanuni ya usalama wa moto iitwayo NFPA 101, inayotumika sana Marekani, kwa mfano, hairuhusu kazi za sanaa na zana za karatasi kufunika zaidi ya asilimia 20 ya ukuta wa darasa kama jengo halina mfumo wa kunyunyiza maji, na asilimia 50 kama unao. Kanuni za mahali ulipo ziwe zipi, usipitishe karatasi juu ya mlango, soketi wala swichi.

Karatasi zinadondoka

Usiongeze selotepu kabla hujajua zinadondoka lini. Saa ya kudondoka ndiyo inayotaja chanzo.

Zikikutwa chini asubuhi, ni unyevu. Karatasi hunywa unyevu wa usiku, hutanuka, kisha hujikunja inapokauka, na kila mzunguko huinua ncha kidogo. Ukuta wa nje, hasa wa upande unaopigwa na mvua, hufanya hivyo zaidi. Gusa ukuta kwa kiganja: ukiwa baridi na wenye jasho, hakuna gundi itakayodumu hapo. Acha uwazi nyuma, kwa kutundika kwenye kamba au kwenye ubao uliopigiliwa juu ya vipande vya mbao, hewa ipite. Ukiona madoa meusi nyuma ya mabango ya zamani, huo ni ukungu, na mabango hayo hayafai kutunzwa.

Zikidondoka mchana, ni joto. Gundi ya selotepu hulainika, uzito ukavuta. Zilizopigwa laminesheni huanguka kwanza kwa sababu ni nzito na zinateleza. Hizo zitobolewe, zitundikwe.

Zikidondoka dirisha linapofunguliwa au feni ikiwashwa, zimeshikwa juu tu. Pini mbili za chini zinamaliza tatizo.

Ikidondoka ile ile kila mara, kona ile ile, kuna bega linalopita hapo. Angalia foleni ya kutoka darasani inapopinda.

Neno moja kuhusu gundi ya unga: inashika vizuri na haigharimu kitu, lakini mende na wadudu wanaokula wanga huifuata, na bango likitoka linatoka na rangi ya ukuta. Itumie kuunganisha karatasi na kadibodi, siyo karatasi na ukuta.

Pini hazishiki, au hazitoki

Pini inayopinda imekutana na plywood au saruji. Softibodi au koki ndiyo inayomeza pini; kama huna, tabaka tatu nne za kadibodi ya maboksi zilizogundishwa pamoja, mistari ya ndani ya kila tabaka ikikatiza ile ya tabaka la chini yake, na kufunikwa kitambaa, hufanya kazi ile ile.

Stepla nayo ina namna yake. Ifungue mkono wake uwe bapa, kisha ipige ikiwa imeinama kidogo upande mmoja badala ya kuibana sambamba na ubao. Mguu mmoja wa waya unabaki umeinuka, na siku ya kubandua unaunyanyua kwa ncha ya rula bila kuchana karatasi.

Rangi zimepauka

Jua. Karatasi za rangi za bei nafuu hazivumilii mwanga wa dirishani, na manila nyeupe hugeuka njano. Laminesheni ya kawaida haizuii jua. Badala ya kubadilisha karatasi ya nyuma kila muhula, weka kitambaa: hakichaniki, kinafuliwa, na matundu ya pini hayaonekani. Rangi ya kati inayotulia, kama kijivu au bluu iliyofifia, huficha vumbi la chaki na kuziacha kazi za watoto zing'ae zenyewe. Kitambaa chenye maua ni kizuri dukani. Nyuma ya michoro 52 ya watoto ni vurugu.

Wanachomoa, wanachana, wanachora juu yake

Mara nyingi si utundu. Kuna ncha iliyolegea, na kidole cha mtoto wa miaka saba hakiwezi kuiacha ncha iliyolegea. Funga kona zote nne za kila kilicho chini ya mita moja. Kisha wape kitu kinachoruhusiwa kuguswa: vipande vya kupanga mpangilio wa hadithi, saa ya kadibodi yenye mishale inayozunguka, bahasha za kufungua. Ubao wenye sehemu ya kushika husababisha sehemu nyingine kuachwa kwa amani.

Kikichanwa kitu cha mtoto mmoja tu, tena na tena, hilo si suala la ubao. Ongea na darasa, na ongea na huyo mtoto peke yake.

Ni wale wale kila wiki

Soma majina yaliyo ubaoni, kisha soma daftari la mahudhurio. Kama kuna jina ambalo halijaonekana tangu muhula uanze, ubao wako unafundisha kitu ambacho hukukusudia.

Chanzo ni kichwa cha "Kazi bora". Bora zikichaguliwa na mwalimu, watajitokeza watano walewale wenye mwandiko safi. Mbali na watoto, hata wewe inakuchosha, kwa sababu kuchagua ni kazi. Ule ubao wa nafasi zenye majina unalimaliza hili: kila mtu yupo, na anachagua mwenyewe.

Njia nyingine ni ubao wa rasimu na nakala safi. Mtoto anabandika karatasi mbili kwa pamoja: ya kwanza yenye makosa na mistari ya kufutia, ya pili aliyoiandika upya. Aliyeanza kwa "mama alienda soko na nunua samaki" na kumalizia kwa "Mama alienda sokoni akanunua samaki" ana safari ya kuonyesha kuliko yule aliyepata zote tangu mwanzo. Watoto huzisoma jozi hizi kwa makini ya ajabu, kwa sababu wanapenda kutafuta makosa ya wenzao. Hapa angalau wanayatafuta kwa faida. Muulize mwenye kazi kabla ya kupandisha rasimu yake. Akikataa, amekataa.

Alama za mtihani na chati za nidhamu zenye majina zisikae ukutani. Kila mtoto wa mwisho tayari anajua ni wa mwisho, na mgeni yeyote anayeingia darasani hana haja ya kuambiwa. Picha za sura za watoto nazo zihitaji idhini ya wazazi kwanza.

Umewakabidhi watoto, na sasa ni fujo zaidi

Hii hutokea wiki ya pili. "Mtashughulikia ubao" si maelekezo. Wape wawili wawili, kwa wiki mbili, na kazi tatu zinazotajika: kukaza vilivyolegea, kurudisha vilivyodondoka mahali pake, kusogeza gurudumu. Kazi hizo ziandikwe kwenye kadi inayokaa kando ya ubao, na vifaa vikae kwenye kikapu kimoja chini yake: vibanio vya akiba, penseli, vipande vya karatasi vilivyokatwa tayari. Stepla na pini zibaki kwako. Muda uwe ule ule kila wiki, dakika kumi za mwisho kabla ya kuondoka siku ya mwisho wa wiki, kwa sababu kazi isiyo na saa huangukia kwa mwalimu.

Zamu ya jozi ya kwanza inapoisha, wao ndio wawafundishe wanaofuata, siyo wewe. Ukiona unarudia maelezo kwa jozi ya tatu, kadi ina maneno mengi. Punguza, au weka michoro.

Na vumilia. Kibanio kitakuwa upande, herufi ya kichwa itabandikwa ikiwa imeinama, kazi ya fulani itakaa chini juu. Kama kinasomeka na hakidondoki, usikiguse baada ya wao kuondoka. Watarudi Jumatatu, wataona umekirekebisha, na kuanzia hapo ubao ni wako tena.

Kufunga mwaka

Kabla ya kubandua, piga picha moja ya ubao mzima kutoka mbele. Itakuokoa kupima upya mwakani. Kisha kazi za watoto zitoke kwanza, kila mtoto ajitolee zake. Majina yatoke pili. Vibanio vibaki. Kitambaa kifuliwe na kurudishwa siku hiyo hiyo kama inawezekana, maana kitambaa kilichokunjwa kabatini mwezi mzima hutoka na mikunjo isiyonyooka. Kichwa usikiguse. Mwaka mpya utakapoanza, kazi itakayokusubiri ni kuandika majina tu.